Mjumbe wa Nyumba Kumi na Wajumbe wa Damuni

Kijijini, Jumapili, alasiri

Kalunde mwanangu,

Barua za watu huanza kwa kuuliza hali. Yako siulizi kwa kuwa naijua: uko ng'ambo ya reli kwa shangazi yako, unaaga, na kutoka hapa kwenye bani, kwenye kibanda cha kukaushia tumbaku, nasikia mnavyocheka. Yangu nayo unaijua. Nimekaa juu ya kigogo, karatasi nimeiweka juu ya debe, nachochea moto wa tumbaku ya mwisho wa msimu, na kila baada ya mistari michache itabidi niinuke kuongeza kuni. Ukiona mahali mawazo yamekatika, ujue nilikwenda kwenye kuni. Yakikatika hata pale ambapo sikuinuka, basi ndivyo nilivyo.

Barua hii utapewa na mama yako kesho asubuhi, mkiwa stesheni Urambo. Utajiuliza inakuwaje baba amwandikie barua mtu anayelala naye nyumba moja. Nitafika huko. Nikianza na hilo nitakasirika, na mengine sitayaandika.

Mambo ya kuchemsha maji, ya nguo, ya wanaume wa Dar es Salaam, mama yako ameyasema tangu juzi na nadhani bado hajamaliza. Mimi nayapita. Wazaramo ni watani zetu Wanyamwezi tangu enzi za wapagazi, wakikutukana na wewe watukane, basi. Ninachotaka tuzungumze ni ile habari yako ya wajumbe, maana unaondoka na mimi sijaielewa. Nimejaribu, mama. Naigeuza huku na huku tangu uliponiambia, na kila nikidhani nimeishika, inaniponyoka.

Unakumbuka ilivyoanza. Ulikuwa umerudi kutoka kule hospitali ulikokuwa ukisaidia maabara wakati unangoja nafasi ya chuo. Tulikuwa tunafunga majani ya tumbaku kwenye vijiti, ukasema, "Baba, mwilini kuna seli." Nikasema seli ninayoijua mimi ni ya polisi, na sitaki kuijua zaidi. Ukacheka. Ukasema hizi ni chembe ndogo ndogo ambazo mwili umejengwa kwazo, na zile za damuni baadhi yazo ni walinzi. Nikakubali. Kisha ukasema seli hizo hutumiana wajumbe, na hapo nikaweka kijiti chini.

"Wajumbe kama mimi?"

"Kama wewe, baba."

"Wa nyumba kumi kumi?"

"Hawana nyumba. Ni vitu vidogo mno, hata kwa darubini hatuvioni. Seli moja inavitoa, nyingine inavipokea."

"Vinasema nini?"

"Vinasema amka. Vinasema ongezekeni. Vinasema tengenezeni kinga ya namna hii, siyo ile. Vingine vinasema basi, imetosha."

"Na nani amevipa mamlaka?"

Ukasema hilo hata daktari aliyekufundisha halijui, kwamba mabingwa wenyewe ndio kwanza wanawatafuta hao wajumbe, na wanajua wapo kwa kuona kazi yao tu, kama mtu anavyojua kuna panya ghalani kwa kuona mahindi yamepungua. Hapo nilikuamini zaidi. Mtu anayejua kila kitu huwa namwangalia mara mbili.

Lakini ukaendelea, na sentensi uliyoisema baadaye ndiyo iliyoniharibia siku nyingi. Ulisema, "Sindano yenyewe siyo kinga, baba. Sindano ni habari tu. Kinga mwili unajitengenezea, na unatengeneza nyingi au kidogo, kali au legevu, kulingana na wajumbe walivyoifikisha ile habari." Ulisema hivyo ukiwa unatafuta kamba, bila hata kunitazama. Mimi nikakutazama wewe. Ni mimi niliyekwenda nyumba kwa nyumba katika kijiji hiki nikiwaambia watu kwamba sindano ni kinga.

Wewe wakati ule ulikuwa shule ya bweni Tabora, ukayapata mambo vipande vipande. Ngoja niyaseme kwa mpangilio kadiri ninavyoweza. Mpangilio si kazi yangu, lakini nitajaribu.

Tulikuwa na msimu mmoja tu tangu tuhamie kijijini. Nyumba zimepangwa mistari, kila mtu anamwona jirani yake akipiga mswaki, na mimi nimechaguliwa mjumbe wa nyumba kumi, nadhani kwa sababu ya sauti. Mwenyekiti wa kijiji akaniita. Akasema sista wa hospitali atakuja na gari kwenye ghala la tumbaku kuwachoma watoto sindano ya kifaduro, kila mjumbe akawaambie watu wake. Nikauliza sindano inafanya nini. Akasema, nakumbuka au nadhani nakumbuka, kwamba "inasaidia kukinga." Nilipofika nyumba ya kwanza nikasema inakinga. Nyumba ya tano nilikuwa nasema mtoto akichomwa, kifaduro hakimgusi. Nyumba ya kumi sijui nilisema nini, jioni ilikuwa imeingia na watu walikuwa wamenikaribisha kangara, ile pombe ya asali.

Ngoja niongeze kuni.

Nimerudi. Siku ya sindano wadogo zako mapacha, Kulwa na Doto, walikuwa bado hawajatambaa. Mama yako aliwapakata wote wawili, mmoja kila paja. Sista yuleyule, chupa ileile, wakalia sauti ileile. Usiku ule Kulwa aliwaka moto. Mguu ulivimba, alilia mpaka jirani akaja kuuliza. Doto alinyonya, akalala. Asubuhi watu walipokuja kutazama nikawaambia, kwa ile sauti yangu, "Doto kaikubali, Kulwa kaikataa." Nilijiona nimesema la maana. Kila aliyesikia akatikisa kichwa kwamba naam, ndivyo ilivyo.

Mwezi uliofuata ilikuwa zamu ya sindano ya pili. Nikamwambia mama yako, Kulwa tumwache, ile homa itamuua, twende na Doto. Unajua mapacha, hao mabasa, walivyo kwetu. Ukimpa mmoja, mpe na mwenziwe. Ukimnyima mmoja, mnyime na mwenziwe. Wanaoga pamoja, wananyolewa pamoja, hata dawa wanakunywa kikombe kimoja. Mama yako akasema, "Mapacha hawatenganishwi." Nikamjibu kwamba hayo ni mambo ya zamani, tuko kwenye maendeleo. Nilimbeba Doto mwenyewe mpaka ghalani. Sista aliniuliza, "Mtoto mzima?" Nikasema mzima. Alikuwa na vihoma vyake, na tumbo limejaa upande wa kushoto, ile bandama ya kuvimba ambayo msimu ule ilikuwa kwa kila mtoto. Lakini alikuwa ananyonya na anacheka, na kwetu mtoto anayenyonya na kucheka ni mzima. Hata ungenifunga kamba nisingejibu vingine.

Kifaduro kilikuja na baridi ya kipupwe. Kulwa, mwenye sindano moja, alikohoa majuma mengi, akakonda, akapona. Doto, mwenye sindano mbili, mwanzoni alikohoa kidogo kuliko mwenziwe, nami nikawaambia watu, mnaona. Halafu kikohozi kikambana, kile cha kuvuta pumzi kwa mlio, na alfajiri moja alikohoa akiwa mikononi mwangu na hakuvuta tena. Nilimpenda yule mtoto, Kalunde. Nalisema kwa sababu sikumbuki kama niliwahi kulisema mbele yenu. Wakati ule nilikuwa nashughulika kutafuta mbao na kupokea watu, na wengi wao walitaka kujua habari za sindano kuliko habari za mtoto.

Na mtoto wa Mama Maganga, jirani yetu, ambaye hakuchomwa hata mara moja, alipita msimu wote hajapiga hata chafya. Mama Maganga hakuwa na ubaya, lakini aliniambia kisimani, "Ndugu mjumbe, sindano yako inafanya kazi kinyumenyume." Watu wakacheka kidogo, wakaendelea kuteka maji. Wanasema mjumbe hauawi. Ni kweli sikuuawa. Ila raundi iliyofuata gari la sista lilikuja likakaa ghalani hadi mchana, na kutoka nyumba zangu kumi hakwenda hata mtoto mmoja, na mimi sikwenda kuwaita. Ningewaambia nini?

Mama yako alisema neno moja tu siku ile ya msiba. "Uliwatenganisha." Hajalirudia mpaka leo. Hana haja ya kulirudia, maana tunalala chumba kimoja.

Basi miaka hii yote nimekaa na maelezo matatu na hayapatani. La kwanza, sindano haifai kitu. La pili, niliwatenganisha mapacha. La tatu, ni mapenzi ya Mungu, kama katekista alivyosema, na mimi ni Mkristo na siwezi kulipinga, lakini ukilitazama vizuri nalo halielezi kwa nini mmoja na siyo mwingine. Ndipo ukaja wewe na la nne. Nilipokuuliza sikuwa nauliza kama mwanafunzi, na nadhani uliona.

"Kwa hiyo ile homa ya Kulwa ndiyo wajumbe?"

"Homa ni kazi ya baadhi yao, ndiyo. Habari zinafika mpaka kichwani, mwili unapandisha joto."

"Kwa hiyo Doto hakuwa na wajumbe."

"Sijasema hivyo, baba. Watoto wengi hawapati homa kabisa na kinga yao inajengeka vizuri tu."

"Sasa unasema nini?"

"Nasema labda malaria. Mwili uliokaa na malaria muda mrefu una kelele. Wajumbe wengine wamejaa humo wanapiga mbiu nyingine. Inawezekana habari ya sindano haikusikika vizuri, kinga iliyotengenezwa ikawa kidogo, tena dhaifu."

"Inawezekana?"

"Inawezekana."

Nilikasirika. Samahani kwa vile nilivyotupa kijiti. Nilikuwa nimengoja miaka mtu aniambie ni kosa langu au si kosa langu, na mtu aliyesoma kuliko sisi wote, wa damu yangu, ananiambia inawezekana.

Kesho yake nilikuja na hoja yangu mwenyewe. Nilikuwa nimeifikiria hapa hapa kwenye bani. Nikakwambia, nimeelewa sasa: jani bichi halibadiliki bila joto, na mtoto naye hajengi kinga bila homa, kwa hiyo homa ndiyo kazi yenyewe. Nilifurahi kweli. Ukanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha ukasema hapana. Homa ni moshi tu, baba, ukasema, kuna moto mwingi usiotoa moshi. Ukaniachia tumbaku yangu.

Halafu ukanieleza habari ya sindano ya pili. Ya kwanza inaamsha seli, na chache kati ya hizo zinabaki zikiwa na kumbukumbu. Ya pili inazikuta hizo zenye kumbukumbu. Wajumbe wanapita haraka, kinga inatoka nyingi na yenye nguvu kuliko mwanzo. Ndiyo maana sista harudi kwa sababu ya kusahau, anarudi kwa makusudi. Hilo nililishika. Ndipo nikasema, bila kufikiri, kwamba kwa maneno yako basi Doto ndiye aliyepaswa kubaki.

"Ndiyo, baba. Kwa kawaida ingekuwa hivyo."

Ukageuka ukaanza kukusanya majani ambayo hayakuhitaji kukusanywa. Nikaona mabega yako. Sikukuuliza kama Doto ndiye anayekupeleka Dar es Salaam kusoma utabibu. Nilitaka kuuliza. Niliogopa utanijibu inawezekana.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mpagazi, hilo umelisikia mpaka umechoka, alibeba mizigo njia ile ya Ujiji kwenda Tabora na kushuka pwani. Kisa kimoja sikukusimulia kwa sababu nilikiona hakina maana. Kirangozi, yule anayetangulia mbele ya msafara, alikuwa akifika njia panda anakata tawi lenye majani analilaza kwenye njia isiyofaa, ili wanaokuja nyuma wasipotee. Hakuna kelele, hakuna maelezo, tawi tu. Siku moja babu na wenzake wa mkiani walifika njia panda hawakuona tawi. Wakashika njia mbaya, wakalala bila maji, na mmoja wao hakuamka. Baadaye ikajulikana kirangozi alilaza tawi kama kawaida, mbuzi wa watu wakapita wakalila. Babu alipokuwa akisimulia, watu walikuwa wakibishana kosa ni la nani: kirangozi angeweka mawili, wenye mbuzi wangewafunga, wa nyuma wangengoja. Babu alikuwa anacheka anasema, "Mbuzi hawakujua kusoma." Nilikuwa naona ni jibu la kijinga. Siku hizi sina uhakika.

Pengine malaria ya Doto ndiyo mbuzi. Au mbuzi ni mimi, niliyesema mzima. Au tawi liliwekwa vizuri na lilisomwa vizuri na bado wakapotea. Ona sasa, nimeshachanganya, naona wajumbe wako wana mikia.

Moto umekaa vizuri. Nifike kwenye lile nililolikwepa.

Shija, aliyekuja baada ya mapacha, unajua mwenyewe alivyo dhaifu wa mapafu. Mwezi uliopita ulimpeleka ghalani kwa sindano ya kwanza, mimi na mama yako hatukupinga kwa kuwa ni wewe. Usiku akapata homa. Uliona mama yako alivyomkumbatia mpaka kulipopambazuka, na uliona alivyokutazama. Asubuhi akasema, "Shija hachomwi tena." Wewe ukaeleza habari za wajumbe, vizuri, kwa upole, hata Kinyamwezi ukatia pale Kiswahili kilipokwama. Mama yako akakujibu kwamba wajumbe anawajua, ameolewa na mmoja. Tulicheka wote watatu, na jambo likaishia hapo bila kwisha.

Sasa sindano ya pili ni kesho. Siku hiyohiyo, asubuhi hiyohiyo ya treni yako. Masika hayajakatika, na njia ikizama tope gari la sista linaweza lisionekane tena mpaka kiangazi. Na juzi, nikipita nyuma ya nyumba za mstari wa mwisho, nilisikia mtoto akikohoa, akavuta pumzi kwa ule mlio. Nilisimama nikasikiliza mara ya pili ili nisijidanganye. Sikukwambia, kwa sababu ungeahirisha safari. Mama yako nilimwambia.

Leo mchana ulipotoka kwenda kwa shangazi, alikuwa anafunga karanga zako kwenye kitambaa. Akasema, hajaniangalia, "Utampeleka?"

Nikamwambia ukweli. Nikasema sijui. Nikasema Kalunde anasema inafaa, na Kalunde huyohuyo anasema inawezekana, na mimi wajumbe hawa sijawaona wala sijawaelewa, na safari iliyopita nilipokuwa na uhakika tulimzika mtoto.

Akafunga fundo, akalifungua, akalifunga tena. Kisha akasema, "Ukimpeleka Shija, mpeleke na Kulwa. Ile yake ya pili hakuipata. Safari hii usiwatenganishe."

Kalunde, nimekaa na maneno hayo tangu mchana na siyaelewi vilevile. Sijui kama amekubali habari yako ya wajumbe au ameishika mila yake, au ameona zote mbili zinakwenda ghalani kwa njia moja. Nilitaka kumuuliza. Uso wake ulinikataza. Niliuliza tu, "Na wewe?" Akasema, "Mimi naenda stesheni na binti yangu." Na Kulwa uliniambia mwenyewe kwamba hajachelewa kwa sindano yake ya pili.

Ndiyo maana kesho hutaniona stesheni. Inaniuma, sitakuficha. Shati nilikuwa nimeshalipiga pasi. Nilikuwa nimepanga kusimama pale na kukubebea sanduku hadi ndani, kukutafutia kiti cha dirishani, na kusema neno moja zuri ambalo nimelitafuta mwezi mzima na sikulipata. Nadhani nisingelipata hata pale. Ningekwambia ujihadhari na wezi.

Badala yake nitakuwa kwenye foleni ghalani. Klorokwini ya malaria nimeshawapa wote wawili kama ulivyonielekeza. Sista akiniuliza kama watoto ni wazima, safari hii sitajibu mzima. Nitamwambia kila ninachokijua, kwamba Shija ana mafua, kwamba Kulwa alikuwa na homa wiki ile, kwamba mguu ulimvimba zamani, na yeye aamue. Nikitoka hapo nitazipitia zile nyumba kumi. Mama Maganga nitaanza naye, maana ana mjukuu sasa. Sitamwambia inakinga. Nitamwambia inasaidia, kwamba wengine inawasaidia sana na wengine kidogo, kwamba mtoto anaweza kupata homa au asipate, na kwamba wangu wawili wametoka kuchomwa sasa hivi, aje awaone. Atasema, "Ndugu mjumbe, mbona leo huna uhakika?" Sijui nitamjibu nini. Naenda bila kuelewa, mwanangu, na nimechoka kungoja nielewe kwanza.

Kuna jambo moja nakuomba, na si maagizo. Huko unakokwenda watakufundisha, utayajua majina yao hao wajumbe, yupi anasema amka na yupi anasema basi. Siku utakayojua kwa hakika habari ya Doto, niandikie, hata kama jibu ni mimi. Na ukisoma miaka yako yote na jibu bado likawa inawezekana, niandikie hilohilo. Sitatupa kijiti.

Treni yako, ikija kwa wakati, jambo ambalo sijaliona tangu nizaliwe, itapita hapa kijijini muda mfupi baada ya Urambo, na haisimami. Ghala la tumbaku liko upande wa mkono wa kulia ukikaa kuelekea Tabora. Ukikaa kinyume, basi kushoto. Najua nakuchanganya, wewe tazama pande zote mbili. Utaona foleni ya akina mama, na katikati yake mwanaume mmoja mwenye shati lililopigwa pasi, amefunga mtoto mgongoni kwa mbeleko ya mama yako, na mwingine amemshika mkono. Watakuwa wananicheka, lakini usijali, nimeshacheka mwenyewe mbele ya kioo.

Usipunge mkono ukangoja nipunge. Nitakuwa nimemshika Shija kwa nyuma na Kulwa kwa mbele, na sitamwachia mmoja wao.

Ni mimi baba yako,
mjumbe.